Mnara wa Ufaransa na Kitambaa Begani

Dadangu Mwende,

Nakuandikia hadharani, hapa mtandaoni, kwa sababu simu yako imezimwa, na aliyekuona huko Rawdah, mtaani kwenu Jeddah, huenda akaisoma barua hii kabla yako. Madam zetu Waarabu hawasomi Kiswahili. Hilo ndilo pazia letu pekee.

Unaikumbuka Ufaransa? Madam wangu alikodi nyumba mashambani, wako akaja kumtembelea na watoto kutoka Jeddah, nasi tukabebwa pamoja na mabegi. Kila asubuhi, yalla, garini. Kijiji cha mawe, kanisa la mawe, daraja la mawe. Ukasema kwenu Kitui mawe yamejaa tele, ila hakuna aliyewahi kufikiria kutoza kiingilio. Nilicheka mpaka madam akageuka.

Halafu ule mnara wa kale. Mabibi waliziangalia ngazi, wakaviangalia viatu vyao, wakatutuma sisi tuwapandishe watoto. Mimi na urefu hatupatani. Nilipanda nimeshika gauni lako kwa nyuma kama mtoto wa chekechea. Kule juu, binti mkubwa wa madam wako, anayesoma Kifaransa, akatufasiria kibao: zamani mlinzi akiona hatari aliwasha moto, kijiji cha pili kikauona, nacho kikawasha wake.

Kisha ukaniuliza, "Na sisi tutawasha nini?"

Simu zetu wao huzikagua, ndipo tukapanga ishara. Madam zetu hupigiana simu ya video kila Ijumaa, nasi hupita nyuma yao na trei ya kahawa. Kitambaa cha jikoni kikiwa bega la kulia, niko salama. Kikiwa la kushoto, nina shida.

"Na nikipigwa nikasahau kulia ni wapi?"

Nikakwambia ni ule mkono wa kulia ugali. Ukacheka, huku ukivuta mkono wa gauni kufunika alama niliyokuwa nimeshaiona.

Tukarudi, wewe Jeddah, mimi Riyadh. Ijumaa baada ya Ijumaa ulipita, kitambaa kulia. Mara moja ulinikonyeza nyuma ya kichwa cha madam wako, nusura nimwage kahawa.

Ijumaa iliyopita alipita msichana mwingine. Aproni ilikuwa yako, ile yenye mfuko ulioushona kwa uzi mwekundu. Nikamuuliza madam, kama anayeuliza bei ya nyanya, Mwende yuko wapi. Akasema, "Halas, yamekwisha. Usiulize." Najiambia labda umerudishwa nyumbani, labda uko ubalozini na wenzako waliotoroka. Kisha nayakumbuka yale madirisha ya ghorofani uliyoniambia unayaosha ukining'inia nje.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kitambaa cha yule msichana kilikuwa bega la kushoto. Huenda si kitu. Watu huweka vitambaa popote. Au wewe ulimfundisha kabla hujaondoka.

Leo ni Ijumaa tena. Kahawa iko tayari, na madam ameketi kwenye kochi anatafuta miwani yake. Nimekihamishia kitambaa changu kushoto. Leo sitapita. Nitasimama nyuma yake na trei mpaka msichana yule anione. Kama ni wewe uliyemfundisha, atajua kwamba moto wake umeonekana.

Popote ulipo, shikilia.

Ni mimi dada yako wa Malaz, Riyadh, mshika gauni