Masaa Kumi Hadi Amsterdam

Jumanne, 3 Septemba 1996
Barua imefika! Nimechaguliwa — kozi ya ukunga, miezi kumi, Amsterdam. Mkunga mmoja tu, Rukwa nzima! Ndege ni tarehe 14, Dar. Niliruka wodini kama mtoto mpaka mama mwenye uchungu akacheka.

Mama mkwe, Marsela, hakucheka. Kauliza tu, Nyanzala akiugua nani atakuita? Mwanangu ana miaka sita. Swali limenikaa rohoni.

Alhamisi, 5 Septemba
Shemeji Telesfori kaitisha kikao. Tangu nimzike mume wangu Sylvanus, mwaka mzima hajakanyaga hapa. Leo ndiye msemaji wa ukoo! Mjane haendi Ulaya, kasema. Huko ni mwisho wa dunia, hata maiti yangu haitarudi. Nikamwambia subiri, nitakujibu kwa hesabu.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimepitia shule ya sekondari. Mwalimu Anselmo kafungua atlasi, tukavuta uzi toka Dar mpaka Amsterdam, tukaupima kwa rula. Kilometa 7,300 hivi. Masaa kumi angani, basi! Mpanda mpaka Dar, ukinyoosha uzi, ni 900 tu. Na treni inakula siku tatu, ukikwama Tabora.

Nikamsomea shemeji namba zote. Halafu nikamwuliza, Sylvanus alifia wapi? Hapa hapa Mpanda, akisubiri usafiri wa kumpeleka hospitali Tabora. Siku mbili! Hakuwa Ulaya yule.

Mama mkwe akaniomba ule uzi. Kaushika muda mrefu.

Jumapili, 8 Septemba
Nimetoka kanisani, sanduku langu halipo. Shemeji kalifungia kwake. Akae nalo! Nguo ni nguo. Pasipoti na barua nilikuwa nazo kifuani, ndani ya gauni. Nimefunga khanga mbili kwenye mfuko wa rambo, inatosha.

Nyanzala kauliza nitarudi lini. Mwakani, mahindi yakishavunwa. Akaanza kuhesabu vidole. Nimelia jikoni, peke yangu. Lakini naenda.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimo behewani, dirishani. Treni ilikuwa iondoke saa saba, sasa ni saa tisa. Mama mkwe na Nyanzala wamenisindikiza, wako chini hapo. Sijui mama moyoni ana nini.

Shemeji kaja! Na wanaume wawili. Anapiga kelele nishuke, eti mke wa ukoo hatoroshwi na Wazungu. Watu wanageuka. Sishuki! Nimemwambia hivyo hivyo, kwa sauti, stesheni nzima imesikia.

Anakuja mlangoni. Mama kamshika Nyanzala mkono, kapanda ngazi ya behewa, kasimama pale pale mlangoni. Mgongo kwangu, uso kwa shemeji. Shemeji anasema, mama, pisha. Hapishi. Filimbi imelia. Treni haijatikisika bado —