Rangi Haikushika

Shamba la Chai,
Bungu.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Miguu inaendeleaje? Mvua imefika huko Singida, au bado mnatazama mawingu tu? Sisi huku ni wazima. Baba Asha yupo kiwandani kama kawaida, na Asha ameota meno mawili. Ila moyo wangu hauna raha, na jambo lenyewe linatokana na kazi uliyonifundisha wewe. Wifi, unaposoma hapa, msomee Mama yote, usimfiche neno.

Mwezi juzi kijiji chetu kiliandikishwa kuwa cha ujamaa. Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja, na akina mama walitaka kucheza ngoma wakiwa na sare. Duka la ushirika lilikuwa na amerikani nyeupe tu, khanga hazionekani siku hizi. Mwenyekiti wa kikundi akauliza nani anajua kutia rangi. Nikanyoosha mkono. Mama, nina miaka miwili hapa, Kishambaa bado kinanishinda, na nilitaka sana nionekane mtu wa maana.

Mizizi ya mdaa ya kutia weusi sikuipata. Jirani yangu Mama Naomi, mjane, mwenyeji wa hapahapa, ndiye aliyenionyesha magome ya miti ya miwati. Tuliyatwanga, tukayachemsha kutwa nzima mpaka maji yakawa mekundu, tukaloweka vitambaa. Kisha yeye akaleta matope meusi ya bondeni, tukavipaka. Vilitoka vyeusi tii. Watu wakawa wanakuja kutazama.

Lakini wewe ulinifundisha kwamba amerikani mpya ilowekwe kwanza siku mbili kwenye maji ya majivu, wanga wake utoke, la sivyo rangi inakaa juujuu. Sikufanya hivyo. Siku zilikuwa zimebana, nikajiambia itashika tu.

Siku ya sherehe mvua ikatukuta katikati ya ngoma. Rangi ikachuruzika miguuni, ikawachafua hadi watoto waliobebwa mgongoni. Wageni walicheka wazi. Tulipokaa kikao baadaye, Mwenyekiti akauliza, "Matope yale aliyaleta nani?"

"Ni mimi," Mama Naomi akasema.

Akaambiwa asiguse tena kazi ya kikundi. Mama, nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Nilitazama chini.

Wiki tatu nikawa nakwepa njia ya kwake. Mwishowe nilishindwa, nikaenda. Nikamkuta uani. Amechana shuka yake mwenyewe vipande vipande, kila kimoja amekipaka matope ya mahali tofauti, na sasa anavimwagia maji kimoja kimoja. Akaniuliza, "Hebu tazama na wewe. Nimekosea wapi?"

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamwambia, "Hujakosea. Niliruka maji ya majivu, halafu nikanyamaza."

Alivimwagia maji vipande vilivyobaki mpaka akamaliza. Ndipo akasema, "Kawaambie wale waliosikia siku ile."

Jumapili niliwangoja nje ya kanisa. Walipotoka nikasimama mbele yao nikasema yote, kwa Kiswahili changu. Mwenyekiti akamwomba Mama Naomi radhi palepale. Mimi nikaondolewa kikundini, na sina la kulalamika. Sasa vile vitambaa wamevifua kwa majivu na wanavitia rangi upya, yeye ndiye msimamizi. Nawasikia wakiimba nikiwa jikoni kwangu.

Nikikutana naye namwamkia, anaitikia vizuri kabisa. Ila zamani alikuwa akiniita mwanangu. Sasa ananiita Mama Asha.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, shangazi aliyenisuka siku ya harusi, na kaka yangu mkubwa, mwambie barua yake niliipata. Wewe Mama, uniombee.

Ni mimi mwanao,
Zaituni