Kikombe Kimoja cha Maji

Mwanangu mpendwa,

Huku sote wazima, hata kuku. Mdogo wako amelaza mabomba ya choo. Jana aliyaziba mwisho, akajaza maji mpaka kwenye alama, akaenda kumwita mkaguzi. Nikachungulia, nikaona maji yameshuka! Huruma ikanishika, nikaongeza kikombe. Mkaguzi akasema, "Fundi, hayavuji hata tone." Mdogo wako alicheka hadi machozi.

Ila mabomba hayo yanapita kando ya kisima chetu cha maji ya kunywa, na leo anataka kuyamwagia zege. Nimekalia mifuko ya saruji, nasingizia mgongo. Ananiambia, "Mama, inuka, hicho si kiti cha enzi!"

Kumwambia kwa mdomo nimeshindwa. Barua hii nampa yeye aiposti, na bahasha siifungi. Namjua, ataisoma.

Mama yako,
bado niko juu ya saruji.