Barafu Iliyoyeyukia Kishanda

Bukoba,
9 Agosti 1955

Kwa dada yangu Kokushubila, Kishanda.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana ya moyo sitakuuliza kana kwamba sijui. Shemeji hajambo? Kifua chake kimetulia? Na migomba ya nyuma ya nyumba, ilisimama tena baada ya ule upepo? Mimi huku nakula na kulala, na mtu anayekula na kulala husema hajambo. Namsalimu pia Katekista Datius, ambaye ndiye anayekusomea haya, na namwomba asiruke neno hata moja.

Barua yako niliipata. Unaniambia Burhani mchanjaji alikuja kukupa pole ya Immakulata, akatembea kwa miguu kutoka Muleba na kifurushi cha sukari mkononi. Ukamwacha amesimama uani, hukumpa hata punje moja ya kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu hanyimwi mgeni, ukamwambia aondoke kabla wanaume hawajarudi. Unaniomba mimi, kwa kuwa ni mkubwa wa afya, nihakikishe anafungwa. Unasema aliyemwua mtoto wako hawezi kutembea barabarani kama watu wengine.

Nitakujibu, dada, ila nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka niliporudi kutoka Makerere mlitandika nyasi mpya nyumba nzima, na mama akalia. Miaka sita nilifanya kazi wodini. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kukwambia. Nilikuwa naitambua homa ya mtoto kabla mama yake hajamaliza kumfungua mgongoni. Lakini kila mara aliletwa kijana wa Kizungu aliyemaliza masomo juzi, mimi nikamfundisha maradhi ya hapa, kisha yeye akanipa amri. Nikalalamika. Wakaniita, wakaniambia kwa upole sana kwamba wodi haiwezi kuwekwa chini ya Mwafrika, ila ipo nafasi ya Bwana Afya, yenye lori, nyumba ya bati na mhuri. Nikakubali. Nilijiambia kwamba daktari anaponya mtu mmoja mmoja, na Bwana Afya anaponya wilaya nzima. Upuuzi mtupu. Nilitaka lori.

Septemba mwaka jana nikaja nalo Kishanda kuchanja ndui. Dawa ile hufa ikipata joto, kwa hiyo Burhani aliibeba katika sanduku la barafu, akalipakata njia nzima. Tulipofika Kanazi alilifungua, barafu ilikuwa bado nzima. Kwenu tulifika saa nne asubuhi, tukakuta ngoma, na Baba mkubwa Rweyemamu amekusanya ukoo wote kumpokea mtoto wao aliyerudi na lori la Serikali. Ikaletwa kahawa ya kutafuna. Ukaletwa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kikazunguka. Baba mkubwa akasimama kumsifu marehemu baba, kisha wazee wengine wanne nao wakasimama. Unajua kwetu mgeni haondoki wazee wakiwa bado wanasema. Lakini mimi sikuwa mgeni tu, nilikuwa daktari, na kama ningeomba ruhusa ningepewa. Sikuomba. Niliona raha.

Burhani hanywi lubisi, alikuwa amebaki kwenye lori, nalo lilikuwa juani. Alikuja kuninong'oneza kwamba barafu inayeyuka. Nikamwambia asubiri. Alipokuja mara ya pili nilimwambia kwa sauti, mbele ya watu wote, kwamba mchanjaji hamfundishi daktari kazi. Watu wakacheka. Hata wewe ulicheka, dada, na sikulaumu.

Saa tisa tulipofungua sanduku, mlikuwa na maji ya vuguvugu ya kuweza kunawia uso. Burhani akanisihi turudi Bukoba, tuje wiki nyingine na dawa nyingine. Watu mia tatu walikuwa wamepanga mstari, na wazee walikuwa wananitazama. Nikamwambia achanje. Immakulata aliwekwa wa kwanza kwa sababu alikuwa mpwa wa Bwana Afya. Mimi mwenyewe nilimshika mkono asiogope.

Baada ya siku nane Burhani alirudi kwenu kukagua mikono, maana chanjo iliyoshika hutoa lengelenge. Hakuona hata moja. Mikono ilikuwa mikavu kama iliyoparuzwa na miiba, ndivyo alivyoandika katika karatasi aliyoniletea. Karatasi ile niliitia kwenye mtoto wa meza. Nilikuwa nimekwisha piga simu ya maandishi Mwanza kwamba Kishanda imekamilika, na Mwanza walikuwa wamekwisha nipongeza. Nilikusudia kurudi. Nilikusudia Oktoba, nikakusudia Novemba, kisha ikawa Noeli.

Januari ndui ikaingia. Mlizika watu kumi na mmoja, na Immakulata akiwa wa nne. Mkubwa wetu wa Mwanza alipouliza ilikuwaje watu waliochanjwa wakafa, nilimwandikia mistari miwili, kwamba mchanjaji Burhani aliacha sanduku juani kwa uzembe wake. Ile karatasi yake niliichana. Akafukuzwa kazi wiki ile ile, na habari ya uzembe wake ikaenea hadi kwenu.

Basi Burhani hakumwua mtoto wako, dada. Ni mimi.

Barua yako iliponifikia nilishindwa kukaa nayo. Nilipanda meli nikaenda Mwanza, nikamweleza mkubwa yote kama nilivyokueleza. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema faili limefungwa. Akasema watu wakijua kwamba daktari wao mwenyewe aliwachanja kwa dawa mfu, hakuna kijiji kitakachotoa mkono tena, na wengi zaidi watakufa. Huenda anasema kweli, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Kisha akanipa barua ya uhamisho. Nimepandishwa cheo. Nakwenda Dar es Salaam kuwafundisha wenzangu utunzaji wa chanjo. Nilitaka kucheka pale pale mbele yake.

Niliporudi Bukoba nilikwenda mtaa wa Bakoba, nyumbani kwa Burhani. Siku hizi anauza sabuni ya vipande, na wenye watoto wadogo hawanunui kwake. Mkewe Siti akienda kuteka maji, wenzake humwachia nafasi wasigusane naye. Nilidhani Burhani atanipiga, na ningeona nafuu. Alinipa kiti. Nilipomaliza kusema, alinijibu kwamba yeye alikuwepo, hahitaji kuambiwa. Wanaohitaji kuambiwa wako Kishanda.

Ndiyo maana naandika. Najua barua zangu husomwa uani kwako Jumapili baada ya misa, majirani wamekaa. Zamani nilikasirika, nikakwambia mambo yetu si ya kijiji. Sasa sina baraza jingine litakalonisikiliza. Datius, waitu, nakusihi, kama kuna mahali uliposhusha sauti kwa kunionea haya, rudi hapo usome tena. Na kama kuna nyumba katika zile kumi na moja zilizofiwa ambayo haina mtu hapo uani, mtume mtu akawaite, kisha uanze upya kutoka kwenye barafu.

Burhani hakuniahidi kwamba atakuja tena, nami sikuthubutu kumwomba. Akija, mpe kahawa, dada, na utafune wewe kwanza, aone kwamba haina ubaya.

Mimi nitakuja kabla ya kusafiri, Alhamisi baada ya Jumapili hii. Lori nimelirudisha, nitatembea kutoka Muleba. Usinitandikie nyasi wala usinipikie. Nitasimama uani, pale aliposimama yeye, na kama utanifukuza kabla wanaume hawajarudi nitaondoka, na kama utawangoja warudi, nitawangoja pamoja nawe.

Msalimu shemeji. Msalimu Baba mkubwa Rweyemamu, umwambie hotuba yake ilikuwa nzuri na kosa halikuwa lake. Kaburi la Immakulata lipalilie na kwa ajili yangu. Wengine wote nawasalimu, wale watakaokuwa bado wanazitaka salamu zangu.

Mimi ndugu yako,
Ildefons Kamugisha