Hewa Ndani ya Jaketi la Baba

S.L.P. 87,
Makambako.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Timoth,

Kamwene! Mnaendeleaje huko Musoma? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimekuachia? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, hata maharage yanagoma kuiva.

Baba pia ni mzima, na hilo ni la kumshukuru Mungu, maana wiki mbili zilizopita alianguka ziwani. Usishtuke, soma kwanza.

Tulikwenda Lupingu kumwona mdogo wetu Judith na mumewe Danford. Kule ni joto, lakini baba unamjua, jaketi havui hata akiota moto jikoni. Ni lile la nailoni alilonunuliwa na marehemu mama. Asubuhi Danford alijirusha kifua wazi kutoka kwenye jiwe, akatua kwa tumbo, pwaa! Tumbo likawa jekundu siku mbili. Jioni baba akateleza kwenye jiwe hilohilo, naye akapiga maji kifudifudi. Tulimvuta nje tukilia, kumbe hana hata alama! Jaketi lilikuwa limevimba kama andazi.

Sasa wewe mwalimu wa fizikia nieleze. Niliporudi nilichukua beseni nikaenda kwenye pipa la maji ya mvua. Nikilibwaga kwa kitako, linapiga kofi mpaka mikono inawasha. Nikiligeuza mdomo chini, linatua polepole, utadhani chini kuna godoro. Nadhani ni hewa iliyobanwa, inapokea kishindo kwanza. Nimekosea? Lakini beseni likiinama kidogo tu, hewa inatoka bwubwubwu, maji yanaingia, linazama. Nimerudia mpaka majirani wakaniuliza kama nimerogwa.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Baba anasema ni mama aliyemdaka, na Agosti anarudi Lupingu kuruka tena ili watu waone. Nilimwambia, "Baba, hewa ikishatoka, hilo jaketi litakuzamisha." Akanijibu, "Haya mwanangu, wewe endelea na beseni lako."

Nimelichunguza jaketi lenyewe. Mama alishona lastiki mikononi na kiunoni kwa uzi mweusi, baridi isiingie. Kumbe ndizo zilizozuia hewa isitoke! Nikizifumua, baba hatakuwa na cha kuringia, atabaki nchi kavu. Nimeshika mkasi mara tatu, nimeurudisha mara tatu.

Maneno yako huwa anayasikiliza, si kama yangu. Mwandikie kwamba hewa ile hupokea mtu mara moja tu, haimbebi.

Nisalimie shemeji Fidelia, na umbusu Jasmine. Mungu awafunike kwa upendo wake.

Fanya haraka, kaka. Hewa ya beseni naweza kuitoa, lakini mishono ya mama siwezi kuifumua.

Dada yako akupendaye daima,
Lidia