Hakuna Daku

Mwanangu Salha,

Sijui barua hii niipeleke wapi. Majunga, huko ng'ambo ya bahari, naijua kwa jina tu, na baba yako kila nikimwuliza unakokaa hunijibu, "Hajambo, anakusalimu," kisha anaagiza kahawa. Basi naiandika wazi, kila mtu aisome. Huenda mmoja wao akasafiri kwenda huko akakwambia kwamba Bi Mwalimu wako bado yuko hai, na bado anakufikiria.

Unaikumbuka siku uliyoletwa kwangu Ngamiani? Ulisimama nyuma ya baba yako, nami nikaona ncha ya buibui tu. Mzee Nassor akaeleza kwamba mbata za shamba lake la Kigombe huwauzia ndugu zake wa Majunga, na barua zao huja kwa Kifaransa, naye amechoka kuwapelekea watu baki wakamsomea siri zake. "Mfunze binti yangu kusoma," akasema. Alipokwisha kuvaa viatu akageuka. "Kusoma tu, Bi Mwalimu. Kusema si lazima."

Nilimwitikia, lakini moyoni nilishakataa. Mimi mzaliwa wa Ngazija, Kifaransa nilitiwa na watawa kwa rula ya vidole, na najua lugha isiyosemwa huoza mdomoni. Mwaka wa pili wewe na wenzako mlikuwa mmefika pale katikati pabaya, ambapo mtu anavijua vitenzi vyote lakini akiulizwa jambo anatoa macho kama changu wa sokoni. Dawa ya hapo ni moja, ubishi. Kila Jumatano nikawatupia jambo linalowaka: mahari yaondolewe? Mume aoe wa pili bila kumwambia wa kwanza? Mwanamke apige kura? Nikakunja vikaratasi kikombeni, ndiyo na hapana, na kila mtu akatetea upande aliouokota, auamini asiuamini.

Hapo ndipo nilipokujua. Kwa Kiswahili ulikuwa hata maji huombi, unangoja uonewe huruma. Kwa Kifaransa ulinikatiza mimi, mwalimu wako, nikiwa katikati ya neno! *Je ne suis pas d'accord.* Sikubaliani. Uliipenda sentensi hiyo kuliko zote. Wenzako, ambao masikio yao yalikuwa bado Ngamiani, walisikia "pa dako" wakaigeuza "hakuna daku," na Ramadhani ile kila ulipoitamka darasa zima lilianguka kwa kicheko, njaa ya saumu isiwazuie.

Kisha habari zikamfikia baba yako. Akaja amekunja uso. "Bi Mwalimu, nasikia watoto wanabishana habari za ndoa. Ndiyo masomo hayo?" Niliogopa atakuondoa. Nikamwambia, "Usihofu, Mzee Nassor. Ni mchezo wa darasani. Hawasemi ya moyoni, kila mmoja husema alichookota." Akacheka, akaenda zake, nawe ukabaki. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatano yako ya mwisho hukubishana na mtu. Uliniuliza tu, "Bi Mwalimu, kwa Kifaransa mtu akikataa, neno moja latosha?" Nikadhani ni sarufi. Nikakueleza, chaki mkononi, kwamba kukataa kwao kwataka maneno mawili, *ne* mbele ya kitenzi na *pas* nyuma yake, na ukiacha moja umeharibu. Uliandika yote. Kesho yake nikaletewa mwaliko wa harusi yako.

Nilikuwa chumbani na wanawake, hatua chache kutoka ulipokaa umefunikwa ushungi. Mashahidi wakaja nyuma ya pazia, na mzee mmoja wao akauliza, "Salha binti Nassor, umeridhia baba yako akuozeshe?" Kimya. Akarudia. Kimya. Sote tunajua kimya cha mwali ndicho jibu lake, na nilisikia viatu vyake vikigeuka. Ndipo sauti yako ikatoka chini ya ushungi, safi kabisa:

"*Je ne suis pas d'accord.*"

*Ne* mahali pake, *pas* mahali pake.

"Kasemaje?" mzee akauliza. "Daku? Maskini, mtoto ana njaa. Mpeni chakula jamani!" Chumba kizima kikacheka, na vigelegele vikapanda juu ya kicheko.

Nilisimama. Nikasema, "Amesema hataki." Nikasema tena kwa nguvu. Shangazi yako akanishika mkono, wala hakunishika kwa ubaya. "Kaa, Bi Mwalimu. Si wewe uliyemwambia kaka kwamba hayo ni mchezo, hawasemi ya moyoni?"

"Leo si mchezo."

"Maneno si yale yale?"

Nilijipenyeza hadi kwenye pazia, mashahidi wameshaondoka. Kutoka barazani nikasikia, "Ameridhia." Nilimtuma mtu amwite baba yako, akaja mlango wa uani baada ya hotuba, jasho na furaha vimemjaa. Nikamwambia, "Mzee Nassor, binti yako amekataa."

"Kwa lugha gani?" akaniuliza.

"Kwa Kifaransa."

Alicheka mpaka akashika kizingiti, kisha akaagiza niletewe sahani ya halua.

Na bwana harusi, Salha, yule aliyetoka Majunga kuja kukuoa, Kifaransa anakinywa kama maji. Alikuwa amekaa kule barazani na kanzu yake mpya, kuta mbili tu kutoka kwako. Kati ya wanaume wote wa siku ile ni yeye peke yake ambaye angekuelewa, na ni yeye ambaye desturi haimtumi kuuliza. Nikilifikiria hilo nashindwa hata kula.

Darasa lipo bado. Juzi niliwaambia wanafunzi wapya wakiache Kifaransa kidogo, kila mmoja aseme kwa Kiswahili, "Baba, sitaki." Wakachekeana, wakajifunika nyuso. "Bi Mwalimu, si tutakosa radhi?" mmoja akaniuliza. Nikamwambia haya, sema kwa Kifaransa. Akasema pale pale, bila kosa hata moja. Nikampa alama zake zote, nikaingia ndani nikalia.

Huko uliko hata wauza samaki wanakielewa Kifaransa. Sijui kama bado una la kukataa, au umeshazoea, au unapendwa. Mungu ajaalie unapendwa. Mimi sina wa kumshitakia, sina nauli ya kukufuata, na ningekufuata ningefanya nini? Lakini usije ukadhani siku ile ulisema na ukuta. Ulisema vizuri, mwanangu. Nilikusikia. Hilo tu ndilo nililoweza.

Kaa salama, popote walipokuweka.

Mwalimu wako wa Ngamiani