Dakika Ishirini Zako, Mwalimu Gervas

Mwalimu Gervas,

Shikamoo siwezi kukupa, nimekuzidi miaka sita, na marehemu sijui anasalimiwaje. Basi nianze na habari.

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu tukuzike kwenu Simbo. Sijalia. Nasema hivyo kwa sababu mkeo alinitazama pale kaburini kama mtu anayesubiri nilie, nami nilikuwa nahesabu makoleo. Yalikuwa matano, moja mpini umelegea. Tangu hapo nakula, nalala, asubuhi naanika dagaa mwaloni kando ya ziwa, Jumanne na Alhamisi naenda chuoni kufundisha kile kipindi ulichonipa, cha biashara kwa vitendo. Wanafunzi wananiita Madam. Kikombe chako kile cha bati kinatumiwa na mwalimu mgeni. Hakuambiwa ni cha nani, na mimi sikumwambia.

Nilichotaka kukueleza ni cha Dodoma.

Mada yako ilikuwa imeshakubaliwa kwenye mkutano wa walimu wa vyuo vya biashara, ule wa kujadiliana namna ya kufundisha uongozi. Ungekuwa mkutano wako wa tano. Minne ya mwanzo ulikwenda na habari zetu sisi wanawake wa mwalo wa Ujiji, ukarudi na mikoba minne, ukanipa mmoja. Naweka maharage. Ulipoanguka na presha yako, mkuu wa chuo akaniita. "Mama Shaibu, nenda wewe ukamsomee Mwalimu. Hapa hakuna mwingine anayeyajua hayo mambo." Mimi wa darasa la saba, niwasomee madaktari wa vitabu. Nikakubali papo hapo. Na ukweli niuseme: sikukubali kwa ajili yako.

Nilikwenda na hasira zangu. Mada ina kurasa kumi na nne, nimezisoma mara tatu nikitafuta jina langu tu, halimo. Nimo kama "Mhojiwa Namba 3". Nilikuuliza ukiwa hai, ukacheka: "Ndio utaratibu wa utafiti, Mama Shaibu. Tunaficha jina kukulinda." Nikakuuliza, unanilinda na nani, na dagaa? Ukazidi kucheka. Mimi sikucheka. Miaka kumi na tisa nipo mwaloni, nimeanza na beseni moja la kuazima, nyumba nimejenga, watoto wamesoma. Karibu kila ulichowaambia wasomi wenzako kilitoka kinywani mwangu. Halafu nikawa namba. Tena si hata namba moja.

Kwenye treni nikaandika kurasa mbili zangu. Kila msomaji anapewa dakika ishirini, nikazigawa: kumi zako, popote utakapofikia, kumi zangu. Zangu zilikuwa zinaanza hivi: "Mhojiwa Namba 3 ni mimi, na nina jina."

Ukumbini viti sitini, watu thelathini na saba. Nilisoma vizuri, ungeridhika. Dakika ya tisa nikafika ukurasa wa tisa, na hapo mdomo ukagoma. Uliandika: "Mvua inapokuja, kila mwanamke huanua dagaa zake kwanza, kisha humsaidia jirani."

Mwalimu. Nilikuambia mara ngapi?

Tena ulikuwepo mwenyewe. Mwaka ule Warundi walipokuwa wakishushwa na maboti, watu wametapakaa mchangani na mafurushi yao, nawe umekuja na daftari, viatu umevishika mkononi visiingie mchanga. Mama Jeni, jirani yangu wa mwaloni, alikuwa amekwenda kumtafuta shangazi yake kati ya waliofika. Dagaa zake kaziacha juani. Wingu likatoka upande wa Kongo. Nikakupigia kelele: "Mwalimu, weka kalamu, anua!" Ukaanua kweli, jasho linakutiririka, ukanijia umefurahi: "Zako zote zimo ndani, Mama Shaibu!" Nikakufokea: "Zangu za nini? Mimi si nipo? Anza na za asiyekuwepo!"

Mvua ilikuwa imeshafika. Mkimbizi mmoja, mama wa makamo, kanga imemgandia mwilini, hajui hata pale panaitwaje, ndiye aliyekimbilia za Mama Jeni. Alikuwa anasema tu, "Imvura, imvura." Hakuuliza za nani. Aliokoa alichoweza. Ndoo mbili zikaoza.

Asiyekuwepo ndiye wa kwanza. Ndiyo sheria ya mwaloni, nyingine hatuna. Ndiyo inayomwezesha mtu kwenda kliniki, kwenda msibani, kwenda kambini kumuulizia ndugu, bila kuajiri mlinzi. Ukiiondoa hiyo, kila mtu atakaa kando ya turubai lake na hakuna biashara. Nawe ukaandika ulichokifanya wewe, si tunachokifanya sisi.

Basi nikawaambia: hapa Mwalimu alikosea, ni kinyume chake. Nikawaeleza ile siku ya mvua. Bwana mmoja wa safu ya mbele, tai nyekundu, akasema kwa sauti, "Kumbe mtafiti alijitafiti mwenyewe!" Ukumbi wote ukacheka. Watu thelathini na saba wanamcheka mtu aliyelala Simbo.

Nikatazama saa ya ukutani. Zimekwenda dakika kumi na moja. Kurasa zangu mbili nilikuwa nimezishika mkononi. Nikaziweka mezani.

Nikamwambia yule bwana asubiri, hadithi haijaisha. Nikawaeleza kuwa kesho yake ulikuja na ndoo mbili za dagaa, umezifunga kwenye baiskeli, ukampelekea Mama Jeni. Akakusema kwa Kiha mbele ya mwalo mzima, nawe Muha wa Simbo unaelewa kila neno, na hukujitetea hata kwa moja. Kwetu aliyekosa akarudisha, kosa lake halitajwi. Nikamuuliza yule bwana yeye amesharudisha ndoo ngapi. Hapo hawakucheka. Wakaanza kuuliza maswali ya maana, nikajibu, nikarudi kusoma ukurasa wa kumi, kumi na moja, mpaka kumi na nne. Nilipomaliza neno lako la mwisho, mwenyekiti akainua kadi nyekundu. Muda umekwisha.

Zangu zikabaki mezani.

Mlangoni mwalimu mmoja wa kike kutoka Mbeya alinishika mkono. "Samahani, dada. Wewe ndiye yule namba tatu?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza jina, akaliandika kwenye daftari lake. Mmoja kati ya thelathini na saba. Nilidhani nitasikia kitu. Sikusikia. Nikaenda nikala wali wao, nikachukua mkoba, nikarudi kituoni kusubiri treni.

Usidhani nimekusamehe ile namba. Bado inanikaa kooni, na hupo nikuambie, nione unavyocheka. Hilo ndilo linalonichosha, Mwalimu. Kugombana peke yangu.

Ila nakuahidi jambo moja. Ule ukurasa wa tisa nitauandika upya kwa mkono wangu, na mkuu wa chuo amekubali uchapwe. Yule mkimbizi atakuwemo, ingawa jina lake hatukuliuliza, na hilo ni kosa langu, si lako. Juu kabisa jina la kwanza litakuwa lako, kwa kuwa hupo. La pili litakuwa langu, limeandikwa lote, herufi kwa herufi.

Huku mvua zimeanza. Asubuhi hii tulianua mara mbili.

Lala, Mwalimu. Zako zimo ndani, zote. Zangu nitaanua mwenyewe, mimi si nipo?

Zuhura Kassim, Mama Shaibu
Mwaloni, Ujiji